Akili na ufaulu shuleni: nini kinatabiri nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kwa sura nyingi, lakini mengi yanazunguka jambo moja: nikimtazama mtoto huyu leo, naweza kujua atafika wapi kimasomo? Watafiti wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka mia moja, na wamepata mengi. Baadhi ya majibu hapa ni marefu kwa kuwa jambo lenyewe ni zito. Mengine ni mistari michache tu, maana hakuna cha kuongeza.

Mnaposema "akili", mnamaanisha nini hasa?

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wapimaji wa akili wangeikubali methali hiyo nusu. Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman alichambua alama za watoto wa shule akaona kwamba zinafuatana: aliyefanya vizuri katika lugha alielekea kufanya vizuri katika hesabu, na hata katika kutofautisha sauti za muziki. Akahitimisha kwamba nyuma ya vipaji mbalimbali kuna uwezo wa jumla, akaupa herufi g. Tangu hapo jambo hilo limeonekana tena na tena. Mwaka 1993 Mmarekani John Carroll alikusanya takwimu za tafiti zaidi ya 460 akaukuta uwezo huohuo wa jumla, na chini yake uwezo wa aina aina kama kumbukumbu, kasi ya kufikiri na ufahamu wa maumbo.

Raymond Cattell naye aliugawa uwezo huo mara mbili: kung'amua jambo jipya papo hapo, na kutumia maarifa uliyokwisha kuyakusanya. Ule wa kwanza hufikia kilele ujanani, kisha hushuka polepole. Wa pili huendelea kukua hadi umri mkubwa. Ndiyo maana kijana humshinda babu yake kwenye mafumbo ya maumbo, halafu akashindwa vibaya kwenye msamiati.

Kwa hiyo hapa "akili" ni uwezo wa kufikiri, kuelewa, kukumbuka na kufumbua mambo, kama unavyopimwa. Busara na utu havimo humo.

IQ ya 100 maana yake nini?

Ni wastani, basi; IQ ni alama ya kipimo cha akili. Kipimo cha kwanza cha akili kilichofaa kutumika kilitengenezwa Paris mwaka 1905 na Alfred Binet na Théodore Simon, kwa lengo la kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza kugawanya "umri wa akili" kwa umri wa kuzaliwa, na hapo ndipo lilipotokea jina la IQ. Siku hizi hakuna kugawanya. Mtu hulinganishwa na wenzake wa rika moja, wastani ukawekwa 100, na alama zikapangwa ili takriban theluthi mbili ya watu waangukie kati ya 85 na 115. Wanaozidi 130 ni kama wawili katika kila mia.

Watu husahau kwamba IQ haifanani na kilo au sentimita. Haina sifuri. Mwenye 140 hana akili maradufu ya mwenye 70, kama vile mwanafunzi wa kwanza darasani asivyokuwa na akili mara kumi ya mwanafunzi wa kumi. Inakuonyesha nafasi ya mtu kwenye foleni, haikuambii umbali kati yake na aliye nyuma yake. Binet mwenyewe, mwaka 1909, alipinga vikali wale waliodai kuwa akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezeka, na inafaa kulikumbuka hilo kila anapoitwa baba wa vipimo hivi.

Kipimo cha akili hutabiri matokeo ya shule kwa kiasi gani?

Kwa kiasi kikubwa, lakini si kwa kiasi wanachodhani wengi. Twende taratibu.

Watafiti hutumia namba ya uwiano. Ikiwa 0, mambo mawili hayahusiani kabisa. Ikiwa 1, ukilijua moja umelijua na la pili. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walijumlisha tafiti zilizogusa wanafunzi zaidi ya 100,000 wakapata uwiano wa takriban 0.54 kati ya alama za akili na alama za shule. Miaka minane kabla ya hapo, Ian Deary na wenzake walikuwa wametoa matokeo ya watoto zaidi ya 70,000 wa Uingereza waliopimwa akili wakiwa na miaka 11, kisha wakafanya mitihani ya taifa wakiwa na miaka 16. Kwa matokeo ya jumla uwiano ulikuwa 0.81, ambao ni wa juu sana katika utafiti wa tabia za binadamu. Ulitofautiana kwa masomo: hisabati 0.77, sanaa 0.43. Tofauti kati ya tafiti hizo mbili inaeleweka. Mitihani ya taifa husahihishwa kwa kipimo kimoja kwa wote, lakini alama za mwalimu huchanganya na mengine: mahudhurio, usafi wa daftari, hata jinsi mtoto anavyojibu akiulizwa.

Sasa tuzigeuze namba hizi kuwa watoto. Chukua watoto 100, wapange kwa alama za akili, kisha wagawe katikati: 50 juu, 50 chini. Uwiano ukiwa 0.5, mwisho wa safari takriban 33 kati ya wale 50 wa juu watakutwa katika nusu ya juu ya matokeo ya mtihani. Waliobaki 17 watakuwa chini, na nafasi zao zimechukuliwa na 17 ambao kipimo kiliwaweka chini. Hata uwiano ukipanda hadi 0.8, kama kumi kati ya 50 bado watakwenda kinyume na utabiri.

Anayepanga idadi ya walimu wa nchi nzima akiona 33 kati ya 50 anashukuru, amepata pa kuanzia. Mzazi hana watoto 50. Ana huyu mmoja, na hakuna namba inayoweza kumwambia kama ni wa kundi la 33 au la 17.

Kama siyo akili peke yake, ni nini kinachotabiri vizuri zaidi?

Jibu halina msisimko: matokeo ya jana hutabiri ya kesho. Mwaka 2007 Greg Duncan na wenzake walitumia takwimu za makundi sita makubwa ya watoto wa Marekani, Kanada na Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Walichotaka kujua ni kipi, mtoto anapoanza shule, kinaashiria atakavyofanya baadaye. Hesabu za mwanzo (kuhesabu, kujua ipi ni kubwa kuliko ipi) ziliongoza. Zikafuata dalili za kusoma, kisha uwezo wa kutulia na kuzingatia. Utundu na tabia ya kulialia, mambo yanayowasumbua sana walimu wa watoto wadogo, havikutabiri karibu chochote cha kimasomo.

Kwa wanafunzi wa vyuo, uchambuzi wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mahudhurio darasani yanatabiri alama kuliko hata mitihani ya kuingilia chuo. Nimewahi kuona watu wakicheka wakisikia hivi, kana kwamba ni jambo la kitoto. Cheka, lakini nenda darasani.

Tahadhari moja, nayo ni kubwa. Jogoo awike asiwike, kutakucha. Jogoo hutabiri mapambazuko vizuri kabisa lakini hayaleti. Vivyo hivyo, hesabu za mwanzo zinaweza kuwa zinatabiri kwa sababu zinajenga msingi, au kwa sababu mtoto anayezijua ametoka katika nyumba ambayo kila siku anazungumzishwa na kufundishwa. Uwiano peke yake hauwezi kutenganisha mambo hayo mawili.

Je, akili hurithiwa? Si wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, lakini neno "hurithiwa" hapa lina maana tofauti na ile ya mtaani.

Njia kuu ya kuchunguza ni mapacha. Pacha wa kufanana wana jeni (vinasaba vya kurithi) zilezile. Pacha wasiofanana wanachangia nusu kama ndugu wengine. Wote wanalelewa nyumba moja. Ikiwa pacha wa kufanana wanakaribiana zaidi kwa alama, jeni zina mchango. Utafiti wa mwaka 2010 uliounganisha jozi 11,000 za mapacha kutoka nchi nne ulikuta kwamba jeni zilieleza asilimia 41 ya tofauti za akili kwa watoto wa miaka tisa, asilimia 55 kwa wa miaka 12, na asilimia 66 kwa vijana wa miaka 17. Mchango unapanda kadiri mtu anavyokua! Wengi wangetarajia kinyume chake, kwamba dunia ikikuchapa miaka mingi jeni zitafunikwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mtoto mdogo huishi katika mazingira aliyochaguliwa, lakini kijana hujichagulia mwenyewe marafiki, masomo na namna ya kutumia jioni zake, na katika kuchagua huko hufuata mwelekeo aliozaliwa nao.

Sasa maana yenyewe. Asilimia 66 haimaanishi kwamba theluthi mbili za akili yako zimetoka kwa wazazi na iliyobaki umeokota njiani. Namba hii inahusu tofauti kati ya watu wa kundi fulani, katika mazingira fulani. Mfano: binadamu ana miguu miwili kwa sababu ya jeni zake, hakuna ubishi. Lakini ukichunguza kwa nini baadhi ya watu wana mguu mmoja, utakuta ajali na maradhi, siyo jeni. Kwa hiyo "urithikaji" wa idadi ya miguu ni karibu na sifuri, ingawa miguu yenyewe imeandikwa kwenye jeni.

Tena, cha kurithi kinaweza kubadilika. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria, ambao huzuia mwili kuvunjavunja kemikali moja iliyomo kwenye protini. Usipotibiwa huharibu ubongo wa mtoto vibaya sana. Tangu miaka ya 1960 watoto wachanga katika nchi nyingi hupimwa kwa tone la damu, na wanaokutwa nao hupewa mlo maalumu. Jeni ni zilezile. Mlo umebadilika, na mtoto anakua na akili ya kawaida.

Basi jeni ya akili imepatikana?

Hakuna jeni ya akili. Ziko maelfu, na kila moja ina mchango mdogo kama punje. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022, uliohusisha watu wapatao milioni 3, ulipata sehemu karibu 4,000 za vinasaba zinazohusiana na idadi ya miaka ambayo mtu amesoma. Zikijumlishwa zote, zinaeleza asilimia 12 hadi 16 ya tofauti za miaka hiyo.

Hata asilimia hizo zinapungua karibu nusu unapolinganisha ndugu wa tumbo moja. Kwa nini? Wataalamu wa Iceland walitoa sababu mojawapo mwaka 2018: hata jeni za mzazi ambazo mtoto hakuzirithi zinahusiana na elimu ya mtoto huyo, maana zinapitia kwenye malezi. Mama aliyesoma hakurithishi jeni tu, anakulea pia. Isitoshe, tafiti hizi zimefanywa zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya, na zikipelekwa kwa watu wa asili ya Afrika utabiri wake hudhoofika sana. Akija mtu kukuuzia kipimo cha mate cha kutabiri ufaulu wa mwanao, kaa na pesa zako.

Je, kuna taifa au rangi ya watu iliyozaliwa na akili zaidi?

Tafiti za urithi haziwezi kuonyesha hivyo, na anayezitumia kwa dai hilo amezisoma vibaya. Mwaka 1970 mwanabiolojia Richard Lewontin alitoa mfano wa mahindi. Chota konzi mbili za mbegu kutoka gunia moja lenye mbegu mchanganyiko. Konzi moja ipande kwenye udongo wenye rutuba, nyingine kwenye udongo mbovu. Ndani ya kila shamba, tofauti za urefu zitatokana na mbegu, kwa kuwa udongo ni mmoja. Kati ya shamba na shamba, tofauti yote ni udongo.

Kama jeni zina nguvu hivyo, mbona alama zimekuwa zikipanda kizazi hadi kizazi?

Hilo ni swali zuri, na ndilo lililomfanya James Flynn ajulikane. Miaka ya 1980 alionyesha kwamba katika nchi nyingi alama za vipimo vya akili zilikuwa zimepanda kwa kadiri ya pointi tatu kila miaka kumi. Wapimaji walikuwa wakirekebisha vipimo mara kwa mara ili wastani ubaki 100, na marekebisho hayo yakaficha mlima uliokuwa ukipandwa. Jeni za binadamu hazibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni lishe, afya, miaka ya kukaa shuleni, na mazoea ya kufikiri kwa mambo ya kubuni badala ya yale tu yaliyo mbele ya macho.

Kisha mambo yakageuka. Nchini Norway, ambako vijana wa kiume hupimwa wanapoingia jeshini, alama zimekuwa zikishuka kwa waliozaliwa baada ya katikati ya miaka ya 1970. Watafiti wawili walilinganisha ndugu wa familia moja, mwaka 2018, wakakuta kwamba kupanda na kushuka kote kunaonekana ndani ya familia hizohizo. Kwa hiyo hata kushuka nako ni suala la mazingira.

Shule huongeza akili, au wenye akili ndio wanaodumu shuleni?

Yote mawili, lakini la kwanza limethibitishwa kwa njia ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote katika uwanja huu. Norway, kati ya mwaka 1955 na 1972, iliongeza elimu ya lazima kutoka miaka saba hadi tisa. Mabadiliko hayakuanza siku moja kila mahali. Wilaya moja ilianza mapema, jirani yake ikachelewa. Hivyo walipatikana vijana waliofanana kwa kila hali isipokuwa miaka ya shule waliyolazimika kuikaa, na hawakuichagua wenyewe. Walipopimwa jeshini wakiwa na miaka 19 hivi, kila mwaka wa ziada ulikuwa umeongeza karibu pointi 3.7 za IQ.

Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob walijumlisha tafiti za namna hiyo mwaka 2018, zikihusu watu zaidi ya 600,000. Faida ilikuwa pointi moja hadi tano kwa kila mwaka wa masomo, na ilionekana hata kwa wazee. Ukitafuta njia ya kuinua akili ya watu wengi kwa pamoja, sijui nyingine iliyothibitishwa kiasi hiki, na imekuwa mbele ya macho yetu muda wote.

Nini hupunguza akili ya mtoto?

Hapa ndipo ujuzi wetu ulipo imara kabisa, na ndipo watu wanapouliza kidogo kuliko kote.

Upungufu wa madini joto wakati wa ujauzito na utotoni. Tezi ya shingo huyahitaji ili kutengeneza homoni zinazojenga ubongo. Uchambuzi wa tafiti umekadiria tofauti ya pointi zipatazo 12 au 13 kati ya jamii zenye upungufu mkubwa na zile zisizo nao. Dawa yake ni kutia madini hayo kwenye chumvi, jambo lililoanza Uswisi na Marekani miaka ya 1920.

Madini ya risasi. Yalikuwa kwenye petroli na rangi za nyumba kwa miongo mingi. Yanaharibu ubongo unaokua hata kwa kiasi kidogo ambacho zamani kilidhaniwa hakina neno. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli yenye risasi kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021 tu.

Udumavu unaotokana na lishe duni, upungufu wa damu unaosababishwa na ukosefu wa madini ya chuma, na pombe wakati wa ujauzito navyo viko kwenye orodha.

Halafu kuna kunyimwa malezi. Baada ya kuanguka kwa utawala wa Ceaușescu nchini Romania, watoto wengi walikutwa katika vituo ambamo walilishwa na kusafishwa, lakini hapakuwa na mtu wa kuwabeba na kuzungumza nao. Kuanzia mwaka 2000 watafiti walichukua watoto 136 wa vituo hivyo, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakapelekwa kulelewa katika familia. Waliopelekwa walipata nafuu ya wazi kiakili, hasa waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili hivi.

Mtoto wa familia maskini hana matumaini?

Anayo. Uwiano kati ya hali ya familia na ufaulu, kwa uchambuzi wa tafiti za Marekani uliotolewa mwaka 2005, ni takriban 0.3. Ukirudia hesabu ya watoto 100, wale wanaokwenda kinyume na utabiri ni wengi mno.

Tafiti za watoto walioasiliwa zinaonyesha jinsi mazingira yanavyofanya kazi. Ufaransa walifuatiliwa watoto 65 waliokuwa wameteseka utotoni, wakiwa na IQ chini ya 86, wakaasiliwa kati ya umri wa miaka minne na sita. Walipofika ujanani, waliokwenda kwa familia za hali ya chini walikuwa wamepanda kama pointi nane, na waliokwenda kwa familia zenye uwezo walipanda zaidi ya 19. Nchini Sweden walilinganishwa ndugu wa kiume ambao mmoja alibaki kwa wazazi waliomzaa na mwingine akaasiliwa. Aliyeasiliwa alimzidi nduguye kwa pointi zaidi ya nne kwa wastani.

Bidii au akili, kipi muhimu zaidi?

Akili hutabiri zaidi, lakini bidii hutabiri kitu ambacho akili haikigusi. Katika tabia tano kuu ambazo wanasaikolojia huzipima, moja ndiyo inayosimama imara kwenye ufaulu: ile ya kuwa mtu wa utaratibu, anayemaliza alichoanza na kutimiza alichoahidi. Uchambuzi wa mwaka 2009 wenye wanafunzi zaidi ya 70,000 uliipa uwiano wa kama 0.2, na karibu haukutegemea akili kabisa. Kipanga mvivu na mwanafunzi wa kawaida mwenye ratiba hukutana njiani mara nyingi.

Kuhusu nadharia ya Carol Dweck, kwamba ukimfundisha mtoto kuamini akili hukua atafanya vizuri, msisimko umezidi ushahidi. Jaribio kubwa la Marekani lililotolewa mwaka 2019, kwa wanafunzi zaidi ya 12,000, lilitumia somo la chini ya saa moja. Wanafunzi waliokuwa nyuma walipanda kwa sehemu ya kumi ya daraja moja. Ni kidogo, ila kwa somo fupi hivyo, si la kudharauliwa.

Muziki wa Mozart je? Na michezo ya simu ya kuchangamsha ubongo?

Hapana, na hapana. Hadithi ya Mozart ilianza mwaka 1993 kwa wanafunzi 36 wa chuo. Athari ilidumu kama robo saa, tena katika mafumbo ya maumbo tu. Hiyo haikumzuia gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, kupendekeza mwaka 1998 kila mtoto mchanga apewe rekodi ya muziki. Kuhusu michezo, jaribio la mwaka 2010 lililowahusisha watu zaidi ya 11,000 kwa wiki sita lilionyesha kwamba wachezaji huwa hodari kwenye mchezo wanaoucheza, basi.

Nani ana akili zaidi, wavulana au wasichana?

Kwa wastani, hakuna tofauti ya maana. Kwa alama za darasani, wasichana wako mbele kidogo.

Mtoto wa kwanza huwazidi wadogo zake?

Kwa kidogo sana. Takwimu za vijana wa Norway zaidi ya 240,000, zilizotolewa mwaka 2007, zilionyesha tofauti ya pointi mbili hivi kati ya wa kwanza na wa pili. Kinachovutia ni kwamba mtoto wa pili ambaye kaka au dada yake mkubwa alifariki utotoni alipata alama kama za wa kwanza. Kumbe si tumbo la mama, ni nafasi anayokaa nyumbani.

Ukubwa unaopaswa kukushughulisha zaidi ni wa umri darasani. Mtoto mdogo kuliko wenzake wote wa darasa anaweza kuitwa kilaza wakati kinachomkosesha ni miezi kumi tu ya kukua.

Mwenye kichwa kikubwa ana akili nyingi?

Kuna uwiano mdogo, kama 0.24, kati ya ukubwa wa ubongo na IQ. Ubongo wa Albert Einstein ulipopimwa baada ya kifo chake mwaka 1955 ulikuwa na gramu 1,230, chini ya wastani wa wanaume.

Sawa, siwezi kubadili jeni zangu. Nisomeje?

Jiulize maswali. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi mafupi. Kundi moja liliyasoma vipindi vinne mfululizo. Jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likafunika karatasi na kuandika kile linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tu walikumbuka zaidi, asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: 40 dhidi ya 61. Ubaya ni kwamba kusoma na kurudia kunakupa hisia ya kujua. Unafunga daftari umeridhika, siku ya mtihani hukuti kitu.

La pili ni kugawa muda. Saa moja kwa siku nne hushinda saa nne za kukesha, jambo ambalo Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliliandika tangu mwaka 1885. Kupaka maandishi rangi za kung'aa, kazi inayopendwa na wengi, kunasaidia kidogo sana.

Alama ya utotoni hubaki vilevile maisha yote?

Nafasi kwenye foleni hubaki zaidi ya unavyodhani. Tarehe 1 Juni 1932 karibu kila mtoto wa Scotland aliyezaliwa mwaka 1921, zaidi ya 87,000, alifanya kipimo kimoja siku moja. Karatasi zikahifadhiwa. Tarehe 1 Juni 1998, miaka 66 kamili baadaye, wazee 101 waliitwa kwenye ukumbi mjini Aberdeen wakafanya kipimo kilekile. Uwiano ulikuwa 0.63. Kwa watoto wachanga hali ni tofauti kabisa, maana alama za mtoto wa mwaka mmoja hazikuambii mengi.

Vipimo vinaweza kumtambua mtu atakayekuwa bingwa wa dunia?

Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alijaribu. Kuanzia mwaka 1921 alikusanya watoto wa California zaidi ya 1,500, wengi wao wakiwa na IQ ya 135 au zaidi, akawafuatilia maisha yao yote. Wengi walifanikiwa: maprofesa, madaktari, wanasheria. Hakuna hata mmoja aliyepata Tuzo ya Nobel. Wavulana wawili waliopimwa na kuachwa kwa kuwa alama zao hazikutosha, William Shockley na Luis Alvarez, waliipata, wote katika fizikia, mwaka 1956 na 1968.

Kipimo cha dakika kumi kwenye intaneti kimenipa 142. Nifurahi?

Ukijibu tena kesho kinaweza kukupa 150, hasa ukilipia cheti.